Kungoja Mwisho wa Sentensi: Mhadhara Kuhusu Mtihani wa Kusikiliza Kijerumani Shuleni



Nimeombwa nizungumze kuhusu maandalizi ya mtihani wa kusikiliza Kijerumani. Kijerumani kipo kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, na huko nako kuna sehemu ya kusikiliza. Lakini leo nitajifunga kwenye mtihani mmoja tu, Goethe-Zertifikat ya kiwango cha B1 kwa vijana, ambayo mwanafunzi huruhusiwa kuifanya kuanzia umri wa miaka 12. Nimeichagua kwa sababu ndiyo ambayo wazazi huniulizia popote tunapokutana. Tangu Machi 2020 Ujerumani imekuwa na sheria mahususi ya kuwapokea wafanyakazi wenye ujuzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, na Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitiliana saini mjini Berlin mkataba wa uhamiaji na ajira. Kijana anayetaka kwenda kusomea uuguzi au ufundi wa umeme kule anajua kwamba lugha ndiyo mlango. Mzazi naye anajua, na ada ya mtihani anaitafuta kwa jasho.

Mtihani huo ulipata sura yake ya sasa mwaka 2013. Uliandaliwa na taasisi tatu kwa ushirikiano: Goethe-Institut ya Ujerumani, ÖSD ya Austria, na Chuo Kikuu cha Fribourg cha Uswisi. Una moduli nne, yaani kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila moduli ina alama 100, na anayefikisha 60 amefaulu moduli hiyo. Kusikiliza huchukua kama dakika 40 na maswali yake ni 30. Kwa maoni yangu dakika hizo 40 ndizo ambazo shule zetu huziandaa vibaya kuliko zote, na sababu si uvivu wa watoto.

Tazameni jambo hili. Ukivuka Likoni ukaelekea kusini hadi Ukunda na Diani, utawakuta vijana wanaouza vinyago ufuoni na kuwapeleka wageni baharini kwa mashua. Wengi wao hawajawahi kushika kitabu cha sarufi ya Kijerumani. Lakini mgeni akisema jambo, kijana amekwisha kuelewa. Mgeni akimnong'oneza mkewe kwamba bei imezidi, kijana amesikia na anaipunguza kabla hajaombwa. Darasani kwetu yupo mwanafunzi anayeweza kukuandikia majedwali yote ya vivumishi bila kosa, na mgeni huyohuyo akimsemesha, anabaki kumkodolea macho. Sisemi kijana wa Diani amekamilika. Mtihani wa kuandika ungemshinda. Ninachosema ni kwamba sikio lake limepata malezi ambayo sikio la mwanafunzi wetu halijayapata: limekisikia Kijerumani kila siku, kwa midomo mingi, kabla ya kukiona kwenye karatasi.

Basi nifike kwenye hoja yenyewe. Kwa mtu anayefikiri kwa Kiswahili, ugumu mmoja mkubwa wa kusikiliza Kijerumani haumo katika msamiati. Umo katika kungoja. Kiswahili hutoa habari zake mapema. Nikisema "hatuja-" na kunyamaza hapo, nyote mmeshajua ni sisi, mmeshajua tumekanusha, na mmeshajua jambo linatarajiwa lakini bado. Kilichobaki ni kujua tu ni jambo gani. Masikio yetu yamelelewa hivyo tangu utotoni: mzigo mzito huja mbele, nasi tunaamua palepale. Kijerumani hufanya kinyume. Mara nyingi huweka mwishoni lile neno ambalo bila hilo huwezi kujua umeambiwa nini.

Nitachukua sentensi moja, ya aina inayosikika katika matangazo ya redio yaliyomo kwenye mtihani: *Das Konzert am Samstag im Stadtpark findet wegen des Wetters nicht statt.* Naomba tuifuate polepole kama mwanafunzi anavyoisikia. *Das Konzert*: kuna tamasha, vizuri. *Am Samstag*: Jumamosi. *Im Stadtpark*: kwenye bustani ya mji. Hadi hapa mwanafunzi anafurahi, maana maneno yote anayajua. *Findet*: hapa anakumbuka kitenzi cha kupata au kuona, na kichwa chake kinaanza kutafuta ni nani aliyepata nini. *Wegen des Wetters*: kwa sababu ya hali ya hewa. Sasa amechanganyikiwa kidogo, lakini anajikaza. Halafu yanakuja maneno mawili mafupi, yanayotamkwa upesi kwa sababu sentensi inaisha: *nicht statt*. Hayo mawili ndiyo habari yenyewe. *Statt* inaungana na *findet* lililopita zamani, yakawa kitenzi kimoja, kufanyika. Na *nicht* imelifuta jambo zima. Tamasha halitafanyika. Kwenye karatasi swali limeandikwa: Jumamosi kuna tamasha, kweli au si kweli? Mwanafunzi aliyeamua pale kwenye *Samstag* ameweka alama kwenye kweli, na kalamu ameshaiweka chini.

Kwa Kiswahili asingeweza kupotea hivyo. Sisi tungesema "Tamasha la Jumamosi halitafanyika", na "hali-" ingemfikia kabla ya kujua hata ni kitenzi gani kinachokuja. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mtoto huyu si mzembe. Ameisikiliza lugha ya pili kwa desturi ya lugha ya kwanza.

Watunzi wa mitihani wanaijua sana tabia hiyo. Katika maswali ya kuchagua a, b au c, mara nyingi majibu yote matatu hutajwa kwenye rekodi. Katibu wa daktari anaacha ujumbe kwenye simu: miadi ilikuwa Alhamisi, lakini daktari hayupo, Jumatano pamejaa, basi njoo Jumanne. Swali ni: mgonjwa aende lini? Anayedaka neno la kwanza analolijua amechagua Alhamisi. Kwa hiyo kuna maneno madogo ambayo nataka mwanafunzi ayasikie kama honi: *aber*, *sondern*, *doch*, *leider*, *statt*, *eigentlich*, *ursprünglich*. Kila moja linamwambia kwamba lililosemwa huenda linageuzwa, asikimbilie kuandika.

Vitenzi vya Kijerumani vinavyokatika vipande viwili ni sura nyingine ya jambo hilohilo. *Mach bitte das Fenster hinten im Klassenzimmer auf*, na ukibadilisha silabi ya mwisho tu, *Mach bitte das Fenster hinten im Klassenzimmer zu*. La kwanza ni fungua dirisha, la pili ni funga. Maneno yote saba ya mbele ni yaleyale. Abiria wa treni naye huambiwa apande, ashuke au abadilishe treni kwa *ein*, *aus* na *um* zinazokuja mwishoni. Na katika sentensi tegemezi neno la ruhusa ndilo linalofunga sentensi: *Meine Mutter hat gesagt, dass ich am Wochenende mit meinen Freunden ans Meer fahren darf.* Mama ameruhusu. Weka *muss* mahali pa *darf*, mama amelazimisha.

Kuna sababu ya kichwani inayofanya kungoja kuwe kugumu. Mwaka 1974 wanasaikolojia wa Uingereza, Alan Baddeley na Graham Hitch, walieleza jinsi kumbukumbu ya muda mfupi inavyofanya kazi, na utafiti uliofuata wa Baddeley ukaonyesha kwamba sehemu inayoshika sauti hubeba maneno ya takriban sekunde mbili tu kabla hayajaanza kufifia, isipokuwa mtu ayarudie moyoni. Mwanafunzi anayetafsiri neno kwa neno hujaza sekunde hizo mbili kwa kazi ya kutafsiri, na *nicht statt* inapofika haikuti nafasi. Aliyezoea vipande vizima, anayesikia *im Stadtpark* kama kitu kimoja bila kukifasiri, ana nafasi ya kutosha ya kuungoja mwisho. Mazoezi mengi nitakayoyataja yanalenga hapo.

Zoezi la kwanza halihitaji umeme wala simu. Mwalimu anasoma sentensi ndefu kwa mwendo wa kawaida, na wanafunzi wote wameinua kalamu juu. Anasimama kabla ya neno la mwisho na kuuliza: tumejua? Darasa linajibu *noch nicht*, bado. Anamalizia neno, ndipo kalamu zinashuka na kila mtu anaandika kwa Kiswahili kilichosemwa. Fanyeni hivyo mwanzoni mwa kipindi, kila kipindi, kwa muhula mzima. Wanafunzi hupenda kubahatisha neno litakalokuja, na waachwe wabahatishe, kwa sababu anayebahatisha anasikiliza mbele.

Sasa namba, ambako sikio letu hupata shida maalumu. Thelathini na nne kwa Kijerumani ni *vierunddreißig*, nne na thelathini. Mtoto anasikia *vier*, anaandika 4, halafu inakuja *dreißig*, anaandika 3, na namba ya simu ya daktari imekwisha kuharibika. Hapa wale waliopita madrasa na kuhesabu kwa Kiarabu wana faida ambayo hawajui kuwa wanayo: nao walisema *arba'a wa thalathin*, nne na thelathini, kwa mpangilio uleule. Nimewaona wakilizoea jambo hili haraka wakikumbushwa. Wengine wafunzwe kungoja: kalamu isiguse karatasi hadi namba nzima itamkwe, kisha iandikwe kwa mkupuo, makumi kwanza. Mwalimu asome namba za simu kama Wajerumani wenyewe wanavyozisoma mara nyingi, mbilimbili: *vierundzwanzig, siebenundachtzig, dreizehn*. Na awaambie wanafunzi kwamba kwenye simu watu husema *zwo* badala ya *zwei*, ili isichanganywe na *drei*, na kwamba kwa sababu hiyohiyo Juni na Julai huweza kutamkwa *Juno* na *Julei*. Hayo hayamo katika orodha nyingi za msamiati.

Saa ni mtihani ndani ya mtihani. *Wir treffen uns um halb neun.* Mwanafunzi anasikia *neun*, tisa. Kwa hesabu yetu hiyo ni saa tatu. Anasikia *halb*, nusu. Anaunganisha: saa tatu na nusu. Amekosea kwa saa nzima. *Halb neun* ni nusu ya kuelekea saa tisa ya Kijerumani, yaani 8.30, ambayo kwetu ni saa mbili na nusu. Ameambiwa afanye mageuzi mawili kwa wakati mmoja, moja la kurudi nyuma nusu saa, jingine la kuhama kutoka saa za Kizungu hadi za Kiswahili, na rekodi haikumngoja. Ushauri wangu ni kwamba wakati wa kusikiliza asiende kabisa kwenye saa za Kiswahili. Achore mishale ya saa: akisikia *halb*, mshale mfupi uwekwe kabla ya namba aliyoisikia, si baada yake. Baada ya kuchora mara nyingi mkono hujua wenyewe. Kusini na mashariki mwa Ujerumani wapo wanaosema *viertel acht* kwa maana ya saa 7.15 na *drei viertel acht* kwa maana ya 7.45; ni vizuri kulijua siku mtakapofika huko, lakini msiumizwe kichwa nalo kwa ajili ya mtihani.

Kuhusu sauti zenyewe nitapita haraka, isipokuwa mahali pamoja. Sauti ya *Nacht* na *acht* si ngeni kwa anayetamka vizuri kheri na sheikh. Tofauti ya irabu fupi na ndefu, *Stadt* na *Staat*, tunayo ya namna yetu: hakuna anayechanganya kufa na kufaa. Ila Kiswahili humsaidia msikilizaji kwa kuhamisha mkazo, na Kijerumani hakimpi msaada huo, kwa hiyo lazima urefu usikilizwe peke yake.

Mahali ninapotaka kutua ni *hatte* na *hätte*, *konnte* na *könnte*, *musste* na *müsste*, *war* na *wäre*. Kiswahili hutenganisha lililotokea na ambalo lingetokea kwa vitu viwili vilivyo wazi, -li- na -nge-: nilikuwa na muda, ningekuwa na muda. Kijerumani kimeutia uzito huo wote katika irabu moja. *Ich hatte Zeit*: nilikuwa na muda. *Ich hätte Zeit*: ningekuwa na muda, na kwa kawaida anayesema hivyo anakupa nafasi ya kukutana naye. Swali la mtihani linaweza kutegemea hapo: je, Jonas alikwenda, au angeweza kwenda? Jozi ya *hatte* na *hätte* si ngumu sana, kwa kuwa a na e tunazitofautisha tangu utotoni. *Konnte* na *könnte* ndiyo kazi, maana sauti ya ö hatuna na sikio huitupa kwenye o au e. Dawa yake ni mdomo. Mwanafunzi aseme e huku midomo ameiviringa kama anayesema o, aiseme kwa sauti, mbele ya kioo ikibidi, hadi aizoee. Sauti ambayo mdomo haujawahi kuitoa, sikio huisikia kwa taabu.

Kutamka kwa sauti kuna faida nyingine. Sisi tumezoea lugha ambayo kila silabi hutamkwa kamili. Mjerumani wa kawaida humeza: *haben* husikika kama *habm*, *hast du* huwa *haste*, *ich habe* huwa *ich hab*, na *ein* hubaki *n* tupu. Mwanafunzi aliyejifunza *haben wir* kwa macho, herufi zote zikiwa mahali pake, akisikia *hamwa* haoni kwamba ni maneno anayoyajua tangu mwezi wa kwanza. Rekodi za B1 hutamkwa kwa ufasaha kuliko maongezi ya sokoni Köln, lakini hazitamkwi kama imla.

Hapo ndipo lilipo kosa tunalolifanya shuleni. Tunadhani kumwandaa mtoto ni kumpa karatasi za mfano, moja baada ya nyingine. Goethe-Institut huzitoa bure kwenye intaneti, pamoja na rekodi na maandishi yake, na ni hazina. Lakini si nyingi, na kila inayochezwa mara moja kwa ajili ya kusahihishwa imetumika. Mwalimu anacheza rekodi, anasahihisha, Amina kapata 14 kati ya 30, Otieno kapata 19, tunaendelea. Hapo tumewapima. Hatujawafundisha kitu.

Njia ninayoitetea ni kuchukua rekodi fupi, ya dakika moja au mbili, na kukaa nayo. Mara ya kwanza mwanafunzi anasikiliza bila karatasi yoyote na kusema kwa Kiswahili alichokielewa, hata kama ni kidogo. Mara ya pili anaandika kila anachokisikia, mstari kwa mstari, na mwalimu anasimamisha anapoombwa. Ndipo anapewa maandishi kamili, alinganishe yake na ya kweli. Sasa anatazama kila pengo na kujiuliza: neno hili nilikuwa silijui? Au nilikuwa nalijua, ila sikulitambua lilipotamkwa? Au nilisikia kila kitu, lakini niliamua mapema? Haya ni magonjwa matatu na kila moja lina dawa yake. La kwanza linataka msamiati. La pili linataka kusoma maandishi hayohayo kwa sauti, pamoja na rekodi, mdomo ukimfuata msemaji kwa karibu hadi mwendo ulingane. La tatu linataka zoezi la kalamu juu. Mwalimu anayemwambia mtoto "ongeza bidii katika kusikiliza" bila kujua ni lipi kati ya haya matatu hajamsaidia. Kwa wanafunzi wengi niliowafundisha, pengo kubwa lilikuwa la pili: maneno wanayo, ila wanayo machoni.

Mahali pa kupata rekodi pako. Deutsche Welle, ambayo wazee wetu wanaijua kwa Idhaa yake ya Kiswahili iliyoanza mwaka 1963, ina taarifa za habari za Kijerumani zinazosomwa polepole, *Langsam gesprochene Nachrichten*, pamoja na maandishi yake, bila malipo. Ina pia *Nicos Weg*, masomo ya filamu yanayoanzia A1 hadi B1. Zile habari za polepole ni za kuanzia. Akae nazo majuma machache, kisha ahamie mwendo wa kawaida, kwa sababu sikio likizoea polepole peke yake, siku ya mtihani litaona watu wanakimbia.

Najua shule nyingi za bweni haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, nami siko hapa kubishana na kanuni hiyo. Lakini mwalimu anayo simu. Anaweza kupakua sauti, ambayo hula bando kidogo kuliko video, akaiweka kwenye kadi na kuicheza kwa spika ndogo. Kwa wanafunzi wa kutwa, ujumbe wa sauti wa dakika moja kwenye kundi la WhatsApp la wazazi kila jioni unatosha: leo tangazo la kituo cha treni, kesho utabiri wa hali ya hewa, keshokutwa rafiki anayeahirisha miadi. Mzazi asiyejua Kijerumani hata neno anaweza kumwuliza mtoto, amesema nini huyu?

Kuna jambo zito zaidi, na nitalisema mbele ya walimu wenzangu kwa heshima. Hapa Kenya tunafundisha Kijerumani kwa Kiingereza. Tunaeleza sarufi kwa Kiingereza, tunatoa maagizo kwa Kiingereza, tunakemea kwa Kiingereza, na Kijerumani kinabaki kusomwa ubaoni. Mtoto anaweza kumaliza wiki nzima ya vipindi na sauti ya Kijerumani aliyoisikia haijai dakika kumi. Shule zilizo katika mpango wa PASCH, ulioanzishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani mwaka 2008, zina bahati ya vitabu, mafunzo ya walimu na wageni wanaozitembelea. Shule nyingine nyingi hazina. Lakini kusema *Macht bitte die Bücher auf* badala ya kulisema kwa Kiingereza hakuhitaji mfadhili. Maagizo ya darasani, majina ya siku, tarehe, saa ya kipindi kuisha, nani hayupo leo na kwa nini: hayo yote ndiyo msamiati wa sehemu ya kwanza ya mtihani, na yanaweza kusemwa kwa Kijerumani kuanzia Jumatatu. Mwalimu asiogope lafudhi yake. Mtihani wenyewe una sauti za Austria na Uswisi, kwa kuwa nchi hizo zilishiriki kuutunga, na mwanafunzi aliyezoea mdomo mmoja tu hushtushwa na Mwaustria anayesema *Jänner* kwa Januari.

Nigusie chumba. Madarasa yetu mengi yameezekwa mabati. Mvua ya masika ikianza kunyesha katikati ya sehemu ya pili, ambayo husikilizwa mara moja tu, mtoto hasikii kitu hata awe amezaliwa Hamburg. Wanaopanga mitihani ya majaribio shuleni wachague chumba chenye dari, wasimame nyuma kabisa siku moja kabla na kusikiliza kama sauti inafika, na spika iwekwe mbali na feni. Mwanafunzi aliyekaa nyuma ana haki ileile ya aliyekaa mbele.

Mwishowe, siku yenyewe. Sehemu ya kwanza ina rekodi fupi tano, kila moja inasikika mara mbili, maswali 10. Ya pili ni mtu mmoja anayeeleza jambo, kwa mfano mwongozaji wa watalii, mara moja tu, maswali 5. Ya tatu ni mazungumzo ya watu wawili, nayo mara moja, maswali 7 ya kweli au si kweli. Ya nne ni mjadala wa redio, mara mbili, maswali 8, na kazi ni kujua nani kasema nini. Kabla ya rekodi mwanafunzi hupewa muda wa kusoma maswali. Wanafunzi, muda huo si wa kupumzika. Pigia mstari neno moja katika kila swali na ujiulize ni kitu gani unakingoja: siku, mahali, sababu, hisia? Katika sehemu ya pili na ya tatu maswali hufuata mpangilio wa rekodi. Likikupita moja, liache. Anayebaki akilitafuta hukosa mawili yanayofuata. Katika mjadala, tumia dakika ya kwanza kushika sauti: mwendeshaji ni yupi, na wageni wawili ni akina nani. Hakuna alama zinazokatwa kwa jibu lisilo sahihi, kwa hiyo usiache nafasi tupu hata moja. Na majibu yahamishie kwenye karatasi ya majibu katika muda unaotolewa mwishoni, kwa utulivu, ukitazama namba ya swali kila mara.

Wazazi, moduli hizi nne zinaweza kurudiwa moja moja. Mtoto aliyepata 80 katika kusoma na 50 katika kusikiliza hana haja ya kuanza upya. Alipie moduli ya kusikiliza pekee, na miezi ya katikati aitumie kwa rekodi fupi kila asubuhi, kuandika anachosikia, na kusoma kwa sauti, bila kugusa karatasi ya mfano hadi wiki za mwisho.